Sahani Moja, Mikono Mitano

Ni Jumamosi katika nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam, na mtoto ana miaka 8. Asubuhi mama anamwekea chai ya maziwa yenye vijiko viwili vya sukari, na maandazi mawili. Saa nne dada wa kazi anampa juisi ya boksi ili atulie mbele ya katuni, naye apate kudeki. Mchana bibi anamwongezea upawa wa wali baada ya mtoto kusema ameshiba. Saa kumi shangazi anamtuma dukani kwa Mangi kununua kiberiti, na chenji ni yake: krispi na pipi mbili. Saa mbili usiku baba anaingia na chipsi mayai na soda, kwa sababu hajamwona mwanawe tangu alfajiri na hataki kurudi mikono mitupu.

Waulize watu hao watano nani anamnenepesha mtoto. Kila mmoja atajitetea kwamba yeye katoa kidogo tu, na kila mmoja atakuwa anasema kweli. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na mtoto. Unaanza na mikono inayomlisha.

Kwa nini jambo hili ni la nyumba nzima

Wasiwasi wa wazazi wetu ulikuwa upande wa pili, na sababu bado ipo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na asilimia 4 hivi wana uzito uliozidi. Anayesoma namba hizo harakaharaka atasema kiribatumbo, jina ambalo wataalamu wetu wa lishe wameupa unene uliopitiliza, ni tatizo la wengine. Lakini watazame mama zao: zaidi ya theluthi moja ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Nyumba ni ile ile na sufuria ni ile ile. Watoto wanachelewa tu kuingia kwenye takwimu.

Kwingineko wameshaingia. Mwaka 2025 UNICEF ilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza duniani, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye kiribatumbo wamewazidi wenye uzito pungufu: asilimia 9.4 dhidi ya 9.2. Afrika iliyo kusini mwa Sahara bado haijafika hapo, kwa hiyo mzazi wa huku ana nafasi ya kuanza mapema.

Kurithi nako kupo. Mwaka 1997 daktari Robert Whitaker na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia watu zaidi ya 850 wa jimbo la Washington, Marekani, tangu utotoni. Mtoto wa chini ya miaka 10 aliyekuwa na mzazi mnene alikuwa na uwezekano zaidi ya maradufu wa kuwa mnene akiwa mtu mzima, hata kama wakati huo yeye mwenyewe alikuwa mwembamba. Sehemu ya urithi huo iko kwenye damu, na hiyo haibadilishwi. Sehemu nyingine iko kwenye kabati la jikoni, kwenye saa ya kulala na kwenye desturi ya kumtuliza mtoto kwa pipi. Hiyo inabadilishwa.

Kwanza pima, macho yanadanganya

Ukiishi na mtoto kila siku humwoni anavyobadilika. Wengi hushtuka sare ya shule inapokataa kufunga kifungo katikati ya muhula. Usisubiri kifungo.

1. Mtoto wa chini ya miaka 5: chukua kadi yake ya kliniki na umwombe muuguzi apime uzito na urefu, vyote viwili. Uzito peke yake hautoshi. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na kilo "nzuri" kwa umri wake, kumbe ni mnene kwa kimo chake.

2. Mtoto wa miaka 5 na kuendelea: mpime urefu akiwa bila viatu, visigino vikigusa ukuta, kisha mpime kilo. Gawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mvulana wa miaka 8 mwenye kilo 34 na mita 1.28 anapata 20.8.

3. Usiisome namba hiyo kwa jedwali la watu wazima. Kwa mtu mzima 20.8 ni afya tele. Kwa mvulana wa miaka 8, kwenye chati za Shirika la Afya Duniani, kiribatumbo huanzia karibu na 20. Kituo cha afya wanazo chati za umri na jinsia, na halmashauri ina afisa lishe. Nenda na namba zako wakusomee.

4. Andika tarehe, urefu na kilo nyuma ya daftari, kisha funika. Hutapima tena kabla ya miezi mitatu.

Pima faraghani. Mtoto anayepandishwa kwenye mzani mbele ya binamu zake huku wakicheka hatasahau siku hiyo.

Gawaneni kazi mezani

Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, aliweka kanuni ambayo ni rahisi kuikariri na ngumu kuitekeleza. Mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na kiliwe wapi. Mtoto anaamua ale au asile, na ale kiasi gani.

Nusu ya kwanza ya kanuni hiyo huvunjwa mtoto anapoachwa atafune toka asubuhi hadi jioni. Nusu ya pili huvunjwa na ule upawa wa bibi. Mtoto mdogo huja na kipimo chake cha kushiba. Akilazimishwa kumaliza sahani kila siku, anajifunza kuangalia sahani badala ya kulisikiliza tumbo. Baada ya miaka michache kipimo kinakufa, halafu tunamlaumu kwamba hajui kuacha.

Hatua za kufuata:

1. Weka nyakati: milo mitatu, na kitafunwa kimoja au viwili kati yake. Katikati ni maji.

2. Mpakulie kidogo kuliko unavyodhani anahitaji, na mruhusu aombe tena. Kama familia hula sinia moja, mtengee mtoto sahani yake walau kwa chakula cha usiku, ili uone anachokula.

3. Akisema ameshiba, sahani iondoke. Asipewe biskuti nusu saa baadaye kwa kuwa "hakula vizuri". Kitafunwa chake kitakuja kwa wakati wake.

4. Mboga aliyoikataa irudi wiki ijayo, na nyingine tena, bila ugomvi. Mtoto anaweza kuhitaji kuonja chakula kigeni mara 8 hadi 15 kabla hajakikubali. Wengi wetu tulikata tamaa na kisamvu mara ya tatu.

5. Nawe kula mbele yake. Baba asiyegusa mchicha ana kazi ngumu ya kumshawishi mwanawe.

Sukari ya kunywa na mafuta yasiyopimwa

Kama nguvu zako zinatosha kubadili kitu kimoja tu mwezi huu, badili vinywaji. Soda ya kola ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nguvu ambayo mwili unapata kwa siku, na ikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,500, asilimia 10 ni vijiko tisa. Yaani soda ya baba imemaliza mgao wote, na chai ya asubuhi haijahesabiwa.

Juisi inawachanganya wengi. Hata ile ya matunda matupu huhesabiwa pamoja na sukari ya kuongezwa, na asali vilevile. Chungwa zima lina nyuzinyuzi na linachukua muda kulila, ilhali machungwa manne yaliyokamuliwa hupita kooni kwa dakika moja. Kata embe, kata papai, kata tikiti. Mashine ya kusagia iache kabatini.

Mama mmoja hawezi kukata vijiko viwili vya sukari kwa siku moja bila vita, na hana haja. Wiki ya kwanza weka kijiko kimoja na nusu, baada ya wiki mbili kimoja, baada ya mwezi, nusu kijiko. Wapunguzieni wote, babu akiwamo. Mtoto aliye chini ya miaka 2 asiwekewe sukari kabisa, na asipewe soda wala juisi ya boksi.

Kwa mafuta kuna hila ndogo. Siku unayofungua chupa, andika tarehe kwenye lebo kwa kalamu. Ikiisha, hesabu siku. Lita moja ina vijiko vikubwa 66 hivi. Familia ya watu watano inayoimaliza kwa wiki inakula karibu vijiko viwili kila mtu kila siku, na kila kijiko kina kilokalori zipatazo 120, kabla hujahesabu bagia na mihogo ya kukaanga ya njiani. Lengo lisiwe kupika chukuchuku. Lengo ni lita ile ile ifike siku ya kumi. Ndizi, magimbi na viazi vitamu vya kuchemsha viliwahi kuwa kifungua kinywa cha nyumba nyingi kabla ya mkate na maandazi, na bado vinauzwa gengeni.

Kikao cha mikono mitano

Hapa ndipo mipango mingi hufia. Mama anasoma, anaamua, anaficha sukari. Dada hajui. Bibi anajua na hakubali. Baba anasema sawa, halafu Ijumaa anarudi na chipsi.

Anza kwa kumwelewa bibi. Amelea wakati mtoto mwembamba alikuwa mtoto wa kuzikwa. Halafu ukaja UKIMWI, ambao Uganda waliuita "Slim" kwa jinsi ulivyokondesha watu, na kila aliyepungua akanyooshewa kidole. Mtu wa kizazi hicho akiambiwa mjukuu apunguziwe wali, anasikia tishio. Usimjibu kwa takwimu. Mpe kazi.

Mkamwana anaweza kuanza hivi, wakiwa wawili tu, mtoto hayupo:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, nina jambo naomba unisaidie. Kliniki wameniambia uzito wa mjukuu wako umekimbia kuliko kimo chake. Hawajasema ana ugonjwa. Wamesema tumrudishe kwenye vyakula vya zamani."

"Vya zamani vipi?"

"Kama vile ulivyokuwa unampikia baba yake. Magimbi, maharage, tembele. Mimi mapishi mengine siyajui vizuri. Na akisema ameshiba, tumwache."

"Mtoto hajui kushiba huyu."

"Tumpe mwezi mmoja mama, tumwangalie wote."

Bibi aliyeombwa ujuzi wake atashiriki. Aliyekatazwa atapitisha vitumbua kwa mlango wa nyuma.

Dada wa kazi naye ana sababu zake: juisi na katuni ndiyo njia aliyonayo ya kufanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Usimwachie amri, mwachie mbadala. Matunda yaliyokatwa yawe tayari kwenye bakuli, maji kwenye jagi lenye kifuniko, na mtoto aruhusiwe kutoka nje saa fulani. Mweleze pia kwamba mtoto akilia kwa sababu amenyimwa soda, hatalaumiwa yeye.

Baba abadili kinachobebwa, asiache kubeba. Fungu la ndizi, karanga mbichi za kuchemsha nyumbani, mpira wa plastiki, au dakika ishirini za kutembea na mtoto hadi kituoni na kurudi. Mtoto anayemkimbilia baba mlangoni anamfuata baba, ingawa baada ya mwaka wa chipsi hata yeye mwenyewe anaweza kuchanganya mambo hayo mawili.

Shangazi na chenji: chenji irudi nyumbani, basi. Kwa hela ya kula shuleni, ulizia kwanza kinachouzwa getini. Kama ni askrimu, krispi na soda tu, hela ipungue na kontena la chakula liende kwenye begi.

Simu, runinga na saa ya kulala

Mwaka 1999 daktari Thomas Robinson alichapisha jaribio alilofanya katika shule mbili za msingi za San Jose, California. Shule moja ilifundisha wanafunzi wa darasa la tatu na la nne kupunguza runinga na michezo ya video. Walianza kwa siku kumi bila kuangalia kabisa, kisha wakajiwekea mgao wa saa saba kwa wiki. Hawakufundishwa lishe wala mazoezi. Mwisho wa mwaka wa shule, uzito wao ukilinganishwa na kimo ulikuwa umeongezeka kidogo kuliko wa watoto wa shule ya pili, na walikuwa wakila milo michache mbele ya runinga.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ya kuichukua. Mtoto anayekula huku anatazama katuni hasikii tumbo likisema basi. Kwa hiyo amri ya kwanza ya nyumba iwe fupi: chakula na kioo havikai pamoja, si kwa mtoto, si kwa mama mwenye simu mkononi. Aliye chini ya miaka 2 asiwekewe runinga wala simu kabisa. Wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku.

Usingizi wengi hawauhusishi na unene, na mjini ndiko unakoibiwa zaidi. Asiyelala vya kutosha, homoni ya njaa hupanda na ile ya kushiba hushuka. Kesho yake anatafuta vitamu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Sasa hesabu: anayeamshwa saa 10:30 alfajiri kuwahi basi la shule, ili apate saa 9 inabidi awe amelala saa 1:30 usiku. Nyumba chache zinaweza. Basi chagua unaloweza: bafu na chakula mapema, runinga izimwe saa moja kabla ya kulala, simu zilale sebuleni, masomo ya ziada ya jioni yapunguzwe. Ukiweza kupata shule iliyo karibu hadi mtoto atembee kwa miguu, umepata usingizi na mazoezi kwa pamoja.

Mwendo usigeuzwe kuwa adhabu. Miaka 5 hadi 17 inahitaji walau dakika 60 kwa siku za kucheza hadi pumzi ipande, na rede, kombolela, kuruka kamba au chandimu hutoa hizo bila mtoto kujua ameandikiwa mazoezi. Kama mtaa si salama, wazazi watatu wapeane zamu ya kukaa na kiti nje saa kumi na moja jioni.

KISANDUKU: Makosa yanayorudiwa

▪ Kumwita "bonge", "kibonge" au "tipwatipwa", hata kwa mapenzi. Akizomewa hupata huzuni, na huzuni nyingi za watoto huishia kwenye chakula.

▪ Kumwekea mtoto mmoja masharti huku ndugu zake wanakunywa soda mbele yake. Kisicholiwa na mmoja kisinunuliwe kwa ajili ya wote.

▪ Kupiga marufuku kabisa huku kitu kikibaki kabatini. Jennifer Fisher na Leann Birch, watafiti wa Marekani, walionyesha mwaka 1999 kwamba watoto wadogo waliozuiwa kitafunwa walichokiona walikizungumzia na kukitaka zaidi. Afadhali kisiwepo nyumbani, kiliwe siku ya sherehe bila hotuba.

▪ Kuahidi askrimu akimaliza mboga. Umemfundisha kwamba mboga ni adhabu na askrimu ni tuzo.

▪ Kumnyima kifungua kinywa, au kumpa dawa na chai za kupunguza unene. Hizo si za mtoto.

KISANDUKU: Usisubiri miezi mitatu, nenda hospitali

☐ Anakoroma kila usiku na pumzi hukatika usingizini, au anasinzia darasani.

☐ Ana kiu isiyoisha na anakojoa mara nyingi, au ameanza tena kukojoa kitandani.

☐ Shingo au kwapa vimekuwa vyeusi, ngozi nene kama mahameli. Mama wengi huisugua wakidhani ni uchafu. Inaweza kuwa dalili kwamba mwili unashindwa kutumia insulini vizuri.

☐ Anachechemea, au anaumwa nyonga au goti.

☐ Ananenepa lakini harefuki. Hapo huenda tatizo ni homoni, na jikoni pekee hapatatibu.

☐ Amejitenga, hataki shule, au anakula kwa kujificha.

Baada ya miezi mitatu

Fungua daftari na mpime tena, kimo kwanza. Watoto wengi hawahitaji kupungua hata kilo moja. Wanahitaji kilo zisimame, au ziende polepole, wakati kimo kinapanda. Mrudie yule mvulana wa kilo 34. Mtoto wa umri wake hurefuka sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Akifika mita 1.34 akiwa bado na kilo 34, ile 20.8 imeshuka hadi 18.9, na ametoka kwenye eneo la kiribatumbo bila kupoteza hata gramu. Suruali ya mwaka jana itamfika juu ya kifundo cha mguu, na kifungo chake kitafunga.